Vioski Thelathini na Kimoja

Walinipa dakika mbili. Niliomba tano, tukaelewana tatu, na hata katika hizo tatu mshereheshaji alianza kuitazama saa yake kabla sijamaliza kulitaja jina la marehemu. Wasemaji tisa walikuwa wamenitangulia. Niliwahesabu, kisha nikawahesabu tena kwa sababu wa nne alisimama mara mbili. Walimzungumzia Daktari Mwende kama mtu aliyezaliwa na joho mwilini. Walitaja vitabu vyake, nchi zilizomwita azishauri juu ya umeme na simu na reli, wanafunzi wake ambao leo ndio wanaoamua kampuni kubwa iruhusiwe kumbana mteja hadi wapi. Yote ni kweli, na nilipiga makofi kwa kila moja. Lakini hakuna aliyesema kwamba bingwa huyo wa masoko hakujua kununua nyanya, wala kwamba jambo lililomfanya ajulikane alilipata kwa kukosea, na kosa lenyewe nilimjazia mimi kwenye fomu, kwa kalamu ya bluu, mara thelathini na moja. Mimi nauza matangi ya maji Kawangware; sina joho. Nilimfanyia kazi mwaka mmoja nikiwa msichana, na mwaka hauingii ndani ya dakika tatu hata ukiusukuma kwa goti. Nauandika hapa, ambapo hakuna wa kunionyesha saa.

Tulikutana soko la Kawangware, mbele ya mama wa nyanya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule na kumaliza pia kuwaambia watu kwamba natafuta kazi. Mama wa nyanya alitaja bei ya fungu, ile bei ya kwanza ambayo hata mwenyewe haiamini, na mwanamke mwenye miwani aliyesimama kando yangu akafungua pochi ili alipe. Niliumia kana kwamba pochi ni yangu.

"Madam, hiyo ni bei ya kuanzia maneno, si ya kulipa," nikamwambia.

"Kwani ananidanganya?"

"Hakudanganyi. Amekuambia karibu tu, na wewe tayari uko jikoni."

Mama wa nyanya akanigeukia. "Wewe msichana, umetumwa na nani? Si uende ukauze zako!"

"Nitauza zipi na mteja umemshika wewe? Hizi za chini zishalainika, Mama. Saa tisa hii, na jua ndilo hilo. Ukirudi nazo nyumbani utazipikia watu wangapi?"

Tulitoka pale na mafungu mawili kwa bei ya moja na nusu, na dhania juu. Mwanamke mwenye miwani hakufurahia kupunguziwa. Alifurahia kujua nilijuaje. Alinisimamisha kando ya mtaro akaniuliza nimeona nini, na nilipomwambia habari ya nyanya za chini, na jua, na jirani aliyekuwa na fungu kubwa zaidi, alitoa daftari akaandika. Kisha akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema hapa hapa, kazi ya kutokuwa na kazi. Siku ya tatu nilikuwa mkusanyaji wake wa data. Alitaja mshahara, nikataja mara mbili yake kwa sababu ya mazoea tu, naye akakubali bila kupepesa. Hadi leo najilaumu kwamba sikutaja mara tatu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja hapo Kawangware, juu ya kinu cha posho. Mashine ilipowashwa, vikombe vilitembea mezani vyenyewe, na unga ulipanda kupitia nyufa za mbao ukatulia juu ya karatasi zote, hivi kwamba kila jioni nilirudi nyumbani na nywele za nyanya yangu. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti za soda. Kwenye kona kulikuwa na jiko la mafuta na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula cha kwao Ukambani, ambacho alikipika Jumatatu na kukila mpaka Alhamisi bila kulalamika. Tukila alikuwa anauliza maswali ambayo mtu mzima hatakiwi kuuliza. Kwa nini chumvi ni bei moja kila duka, na sukuma wiki inabadilika kila hatua kumi? Kwa nini kinyozi wa pembeni haongezi bei siku ya sikukuu na fundi wa viatu anaongeza? Nilimjibu kwa dharau mwanzoni. Baadaye nilianza kwenda nyumbani na maswali yake kichwani, na huo ndio ugonjwa aliowaambukiza watu wengi kuliko mimi. Wale wa majoho ukumbini, nawahakikishia, kila mmoja aliwahi kulishwa muthokoi wa siku ya nne na kuulizwa habari za chumvi.

Kazi yenyewe ilitoka kwa bodi moja mjini iliyosimamia mambo ya maji. Watu walikuwa wamelalamikia bei mpaka malalamiko yakafika gazetini, na bodi ikampa Daktari mwaka mmoja atembee Kibera na Kawangware, ahesabu, kisha aiambie mkono wa sheria uwekwe wapi: kwa wauzaji wadogo wa vioski, kwa wenye mabomba, au usiwekwe popote. Barua ya bodi ilikuwa na mstari mmoja ambao Daktari aliupita haraka na mimi nikaurudia peke yangu. Ulisema muuzaji yeyote atakayethibitika kupanga bei na wenzake atanyang'anywa kibali. Niliurudia kwa sababu niliishi Laini Saba, mtaa mmoja wa Kibera, kwa Shangazi Rispa, katika chumba cha nyuma ya kioski chake cha maji, hatua arobaini kutoka reli, arobaini na mbili ukivaa sketi ya kubana. Kibali chake kilining'inia ukutani juu ya kitanda changu, ndani ya fremu, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Laini Saba bei ya maji ilipangwa kwa kitambaa. Kioski cha kwanza juu ya mteremko kilikuwa cha Hajati Zena, mama wa Kinubi ambaye familia yake ilikuwa Kibera kabla ya yeyote kati yetu. Aliamka kwa swala ya alfajiri, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kufungua. Nguzo yake ikiwa tupu, mtungi ulikuwa shilingi tatu. Ikiwa na kitambaa cha kijani, tano. Chekundu, kumi. Wenzake walipofungua walitupa macho juu ya mteremko, wakajua, wakaanza kuuza. Hata wateja walijua, ungesikia mtu anamwambia mkewe, "Oga kesho, leo ni nyekundu." Kuuza chini ya kitambaa cha Hajati kulikuwa kama kuanza kula kabla mwenye umri hajanawa mikono. Sikuwahi kukiona kama mpango wa bei. Nilikiona kama adabu.

Ndiyo maana nilikosea. Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne, yakijazwa upya kila wiki isipokuwa la kumi na moja, la ziara ya kwanza tu, lililouliza bei imepangwa na nani: wewe mwenyewe, wenzako, mwenye bomba, au serikali. Kwenye vioski vyote thelathini na kimoja vya Laini Saba niliweka alama penye "mwenyewe" bila hata kuuliza. Unamuulizaje Hajati swali kama hilo, naye amekumiminia chai na kukutafutia kiti? Kawangware, ambako hakuna aliyenijua, niliuliza yote kumi na manne kama nilivyofundishwa.

Mwezi wa nane Daktari alinisomea alichokiona. Kawangware, vioski ishirini na nane, bei saba tofauti siku moja. Laini Saba, vioski thelathini na kimoja, bei moja. Alikuwa anang'aa.

"Hivi ndivyo vitabu vinavyosema, Nafula. Wauzaji wengi, bei moja, hakuna anayethubutu kupandisha kwa sababu mteja atahamia kwa jirani. Laini Saba ni soko safi. Haihitaji mtu. Kawangware ndiko kuna fujo, na bodi itataka kuweka mkono huko."

Nilicheka. Sikupanga, chai ilinitokea puani.

"Unacheka nini?"

"Unga, Daktari. Umeniingia."

Mashine ya kinu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Daktari alinitazama, akatazama sakafu iliyokuwa kimya, akaendelea kuandika ripoti yake ya kwanza kwa bodi. Nimedanganya wateja wengi maishani kuhusu bei niliyonunulia tangi, na sijawahi kuaibika kama siku ile. Kama ningesema, Shangazi angepoteza kibali. Kama ningenyamaza, kila kitu kingebaki kilivyo, na nilijiambia kilivyo si kibaya sana.

Bomba lililolisha Laini Saba yote lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tuliyemwita Injinia. Hakuwa injinia wa chochote. Aliishi upande wa Riruta nyuma ya ukuta mrefu, na mtu wake, Mandevu, ndiye aliyekuja kila alfajiri kusoma mita. Wiki chache baada ya mimi kusingizia unga, ilikuwa siku nyekundu, na jirani yetu akaja mbio kwamba binti yake amejifungulia chumbani na hakuna tone la maji. Shangazi alimjazia mitungi sita kwa tatu tatu. Mandevu alikuwa ameinama penye mita, akaona. Alifuta mikono, akasema, "Sawa Mama Rispa, pongezi kwa mtoto," akaenda zake.

Kesho yake bomba la Shangazi lilikauka. La kulia lilitoa maji, la kushoto lilitoa, la ng'ambo ya reli lilitoa. Letu lilikohoa hewa. Siku ya tatu Hajati alishuka, na nikawasikia kupitia mabati nikiwa nimelala chali nikikitazama kile kibali.

"Rispa, ungekuja kwangu. Ningempa maji kwa mlango wa nyuma, na hakuna ambaye angeona."

"Mtoto anazaliwa, Hajati, na mimi nianze kutafuta mlango wa nyuma?"

"Mimi Injinia alinikausha siku tisa mwaka juzi. Kulikuwa na msiba, nikauza tano siku nyekundu. Usimpigie simu. Ukimbembeleza anaongeza siku."

"Na si eti anapoteza. Ikiwa tatu, anachukua mbili. Ikiwa tano, anachukua nne. Ikiwa kumi, anachukua tisa. Yangu ni ile moja, mvua au jua. Watu wananitukana kwa hiyo kumi, na hiyo kumi mimi siijui hata sura."

"Wewe unatukanwa na wa chini. Mimi ninayetundika rangi anayoniambia yeye natukanwa na mteremko mzima."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka. Nilikuwa nimeishi nyuma ya ukuta ule miaka yote, najiona mjanja wa mtaa, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, na sikuwahi kuhesabu kwamba shilingi ya Shangazi ilibaki moja hata kitambaa kikibadilika. Siku ya kumi bila maji aliniuliza, kama anayeuliza saa, mitungi mitupu inaweza kuuzwa ngapi ikienda yote pamoja. Siku ya kumi na moja nilijaza fomu ya kioski chake. Swali la saba: siku ngapi bila maji mwezi huu. Nikaandika kumi na moja, na kalamu ikasimama, kwa sababu fomu iliyokuwa chini yake, ya jirani wa kulia, ilisema sifuri. Nilikumbuka kuziona namba kama hizo kabla, hapa tisa, pale sita, peke yake kati ya sifuri. Maji yakikatika kwa mtaa, yanakatika kwa wote. Yakikatika kwa mmoja, kuna aliyeyakata. Asubuhi nilitembea mpaka Kawangware kwa miguu ili nipate muda wa kubadilisha mawazo, na sikuyabadilisha.

"Daktari, nikikuambia kitu, utaniahidi kibali cha shangazi yangu kitabaki?"

"Siwezi kukuahidi hilo. Kibali ni cha bodi."

"Ahidi nusu."

"Kibali hakina nusu, Nafula."

Angeahidi, ningenyamaza. Mtu anayekubali haraka bei ambayo si yake ya kutoa, huwezi kumwamini. Lakini huyu alikuwa ameshindwa kudanganya hata pale uongo ungempa alichotaka, basi nikamwambia yote: kitambaa, ile moja, siku tisa za Hajati, siku kumi na moja zetu. Nikamwambia pia kuhusu swali la kumi na moja.

"Ulilijaza wewe?"

"Mimi."

"Yote?"

"Thelathini na moja. Nimehesabu mara mbili."

Nilingoja nifukuzwe. Alisimama, akavua viatu, akachukua sanduku la fomu na kulimwaga lote sakafuni. Tulipangusa unga, tukapanga karatasi kwa wiki, Laini Saba upande wa dirisha, Kawangware upande wa mlango. Swali la tisa liliuliza bei ya chini kabisa ambayo muuzaji ametoza wiki ile. Tulichota maharagwe mabichi kwenye mfuko wa Jumatatu, tukaweka moja juu ya kila fomu ya muuzaji aliyeshuka chini ya wenzake, na mahindi juu ya kila fomu ya bomba lililokauka peke yake. Upande wa dirisha, kila palipokuwa na harage, mahindi yalifuata wiki hiyo au inayofuata. Upande wa mlango maharagwe yalikuwa tele na mahindi hakuna. Kawangware kulikuwa na visima sita vya wenye sita, na muuzaji aliyegombana na mmoja alivuta mpira wake akaunganisha kwa mwingine. Daktari alikaa chini katikati ya karatasi, na miwani ilikuwa imejaa vumbi jeupe naye hata halioni.

"Fujo ya Kawangware ndiyo soko," akasema polepole. "Na utulivu wa Laini Saba ni woga. Miaka yote nafundisha watu kwamba bei moja ni dalili njema, na sikuwahi kuuliza imetoka kwa wengi au kwa mmoja."

Vitabuni jambo hilo limeandikwa kwa namba na mishale, na nimeambiwa watu wa ng'ambo hulifundisha kwa jina lake. Kwa maneno yake ya siku ile lilikuwa rahisi: usiwatazame wanaouza mlangoni, tafuta mahali ambapo mlango ni mmoja tu, na hapo ndipo uweke sheria. Baadaye aliliona katika nyaya za umeme, katika minara ya simu, katika bandari. Aliliona kwanza katika maharagwe, amekaa chini bila viatu.

Alikataa kuandika lolote mpaka wauzaji wenyewe wakubali. Hajati alitualika nyumbani kwake, akatuandalia gurusa, zile chapati laini za Kinubi, na chai ya tangawizi iliyochoma mpaka masikioni. Alimsikiliza Daktari hadi mwisho.

"Wewe ukikosea unaandika kitabu kingine," Hajati akasema. "Sisi tukikosea tunafunga."

"Ni kweli, Hajati. Kwa hiyo nitasimama mimi kwanza, niseme mbele ya bodi kwamba nilikosea. Sitataja kioski kimoja kimoja. Ninyi mtakuwa mstari mmoja kwenye ripoti."

"Basi ni wote thelathini na mmoja, au hakuna. Akibaki mmoja nje, Injinia atamtumia huyo kutumaliza wengine."

Nikapewa kazi ya kurudi na swali la kumi na moja, safari hii kwa mdomo. Wengine walinicheka, mmoja alinifukuza akaniita tena nilipofika kioski cha tatu kutoka kwake. Siku ya nne nilikuwa na majibu thelathini, yote yanasema mwenye bomba, na fomu moja nyeupe. Shangazi alikuwa anasugua mitungi kwa mchanga. Maji yake yalikuwa yamerudi.

"Yamerudi juzi," akasema bila kuinua kichwa, "na wewe unaniletea kalamu."

"Umebaki wewe tu, Shangazi."

"Najua. Kila mtu anapita hapa ananisalimia kama mgonjwa." Alisugua kidogo. "Huyo Daktari wako, wakimpa kitu kidogo mjini, hatageuka?"

"Hajui hata kupunguziwa nyanya. Ukimtajia bei, analipa."

Shangazi aliweka mtungi chini, akafuta mikono kwenye leso, akatazama bomba lake likidondoka tone, tone. Nilihesabu matone kumi na manne.

"Andika," akasema. "Mwenye bomba. Na andika kwa herufi kubwa, wasije wakasema hawakuona."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Bodi ilikaa mbele, Injinia akakaa mstari wa kwanza na viatu visivyo na tope, jambo ambalo Laini Saba linataka juhudi. Daktari alisimama akasema aliyokuwa ameahidi, kwamba ripoti yake ya kwanza ilikuwa na kosa na kosa ni lake. Alinitazama mara moja tu alipolisema, nami nikatazama dari. Alipomaliza, mwenyekiti wa bodi alikunja miwani.

"Kwa hiyo wauzaji wamekubali kwamba bei walipanga pamoja. Barua yetu inasema nini kuhusu vibali?"

Wanawake wa vioski waligeuka wote kumtazama Daktari.

"Inasema mvichukue," Daktari akajibu. "Mkivichukua, mtu wa kwanza kuviomba atakuwa mwenye bomba. Mtakuwa na vioski thelathini na kimoja vya mtu mmoja, na yeye hatahitaji kitambaa."

Shangazi alisimama. Hatukupanga. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na sauti yake ilianza chini sana.

"Mheshimiwa, siku maji ni shilingi kumi mimi napata moja. Ukininyang'anya kibali, umeninyang'anya hiyo moja. Zile tisa utaziacha pale pale zilipo."

Mwenyekiti akamgeukia Injinia. "Ni kweli hayo?"

"Bomba lina gharama, Mwenyekiti. Watu hawaelewi gharama."

"Juzi gharama ilikuwa mbili, jana nne, leo tisa," Daktari akasema. "Bomba ni lile lile?"

Mtu nyuma akapiga kelele, "Linakula nyama siku nyekundu!" na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Injinia peke yake hakucheka, na mwenyekiti alijaribu kutocheka akashindwa. Nadhani hapo ndipo tuliposhinda, ingawa bodi ilichukua wiki saba kukubali. Barua ilipofika, Hajati aliisoma kwa sauti mbele ya kioski chake. Vibali vinabaki. Bei anayotoza mwenye bomba inawekwa na bodi, imebandikwa ukutani, moja kwa vioski vyote; ya mteja kila muuzaji atajipangia. Hakuna bomba linalokatwa bila bodi kujua. Na njia ya pili ya maji inaruhusiwa kuingia kutoka upande wa Soweto, mtaa jirani hapo hapo Kibera, ya mtu mwingine kabisa.

Bomba la pili lilifunguliwa siku ya Jumamosi. Daktari alikuja mapema, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, daftari magotini. Kulikuwa kumepambazuka vizuri, wauzaji wote wamefungua, na hakuna aliyekuwa anauza. Walikuwa wanatazamana. Shangazi alishika mpira kwa mikono miwili.

"Nafula, niseme ngapi?"

"Sijui, Shangazi. Sema unayoitaka."

"Usinifanyie hivyo. Mimi na miaka yangu hii sijawahi kusema."

Mwanamke mmoja akapita na mitungi miwili mitupu. Hatukumjua. Akauliza maji ni ngapi.

"Tatu," Shangazi akasema, kama mtu anayekanyaga barafu ya friji kwa mguu mtupu.

"Kule juu mama wa Kinubi ananipa miwili kwa tano."

"Nani? Hajati?" Shangazi aliacha mpira, akatoka nje, maji yakimwagika miguuni mwa Daktari. "Hajati! Ati miwili kwa tano? Wewe na mimi?"

Kutoka juu ya mteremko sauti ikateremka, tamu kabisa: "Biashara, Rispa! Chai ni saa kumi, uje!"

Yule mwanamke alishaanza kupanda. Shangazi alimtazama mgongo hatua tatu, nne, mdomo wazi, na nikaona kitu kikimpanda usoni ambacho nilikuwa nimekizoea kwenye uso wangu mwenyewe mbele ya nyanya.

"Mama! We Mama! Rudi! Miwili kwa tano, na ninakutwika mwenyewe!"

Mwanamke akasimama. Akatazama juu, akatazama chini, hana haraka hata kidogo.

"Mmoja utanitwika," akasema. "Na huu wa pili, nani atanifikishia nyumbani?"

Shangazi alinigeukia. "Nafula, vaa viatu."